Flai Moja, Trauti Mmoja: Shajara ya Mradi Wangu wa Mtoni

Januari 6

Nimefunga flai kwa miaka 11. Dazeni 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Niliwahi kujaribu kupiga hesabu ya jumla nikaacha njiani, kichwa kinauma. Zilikuwa zinaingia kwenye visanduku vya plastiki, zinabandikwa namba, zinapanda ndege kwenda Uingereza na Marekani. Majirani wakiniuliza nafanya kazi gani Nairobi, nilikuwa nasema "kiwanda cha nyoya", maana kueleza kulichosha.

Kwa asiyejua: flai ni kindoana kidogo kilichovishwa unyoya, uzi na manyoya ya mnyama, kifanane na mdudu wa mtoni. Nyingi zinazouzwa ng'ambo hufungwa hapa Kenya, kwa mkono, na wafungaji wengi ni wanawake. Basi katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona samaki hata mmoja akiimeza.

Nimerudi nyumbani upande wa Othaya. Jiliwa langu, kile kibano cha kushikia ndoana, nimelifunga kwenye ukingo wa meza ya jikoni, karibu na dirisha. Mradi ni huu: kumvua trauti (samaki wa maji baridi) mmoja wa mtoni, kwa flai niliyoifunga mwenyewe, kabla Julai haijaisha.

Nasisitiza *wa mtoni*. Kwenye bwawa la kulipia ningemaliza kazi hii kesho kabla ya chai ya saa nne. Trauti wa bwawa amelelewa kwa kurushiwa chakula. Akiona kivuli cha mtu anadhani sahani imeletwa. Namtaka aliyeanguliwa kwenye changarawe ya mto wenyewe, ambaye kivuli cha mtu kwake ni kifo.

Nilipomweleza mama, aliacha kumenya viazi.

"Utaamka usiku, uende baridini, umtoboe mdomo."

"Ndiyo, mama."

"Halafu umrudishe majini."

"Ndiyo."

"Na mshahara wa kiwanda ulikuwa unaingia kila mwezi."

Akaendelea kumenya. Kwetu Ukikuyuni hata kumla samaki ni jambo la juzijuzi, wazee hawakuwa nalo. Kumvua na kumwachia, hilo halina hata jina.

Januari 14

Kipande kizuri cha mto kiko mikononi mwa klabu binafsi ya wavuvi. Nimekwenda kuwaona. Banda la mbao, meko, picha za wazungu wenye kaptula ukutani, na chini yake picha mpya za wakili mmoja, mkulima mmoja wa majani chai na daktari mstaafu, kila mmoja na samaki wake. Mezani kuna daftari kubwa: tarehe, jina, flai iliyotumika, samaki waliovuliwa, samaki waliorudishwa. Sheria zimebandikwa mlangoni. Flai tu, chambo marufuku. Ndoana moja kwa mshipi. Kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo ili isimchane samaki wakati wa kuitoa. Kila trauti wa mwitu arudi majini.

Ada ya uanachama siiwezi. Lakini katibu alipoona kisanduku changu alisimama, akazichukua flai moja moja, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Nilihisi tumbo likijikunja: ndivyo alivyofanya mkaguzi wa kiwandani miaka 11.

Tumekubaliana. Nitawafungia dazeni 6 kwa mwezi, nao watanipa siku mbili kwa mwezi kama mgeni, pamoja na ufito wa kuvulia wa kuazima na mlinzi wa mto wa kunifundisha. Waliniomba nisitaje mto. Haya: unashuka kutoka milima ya Nyandarua, unapita msituni, unatokea kwenye mashamba ya majani chai, na maji yake mwishowe yanaingia mto Tana. Nusu ya mito ya Nyeri iko hivyo, kwa hiyo siri bado iko salama.

Ukutani kuna maelezo ya jinsi trauti walivyofika. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, yakatiwa kwenye mto Gura, huku huku kwetu. Kwa hesabu hiyo trauti walifika Nyeri kabla shosho yangu hajazaliwa, na bado tunawaita wageni.

Januari 25

Somo la kwanza, tena nyasini, kwenye kiwanja cha mpira. Mzee mlinzi amefanya kazi ya mto tangu ujana wake, na anaongea kama mtu anayelipia maneno.

Nilikuwa nafikiri unarusha flai. Kumbe flai haina uzito wowote, huwezi kuirusha kama vile huwezi kurusha unyoya. Kwenye uvuvi wa kawaida uzani wa risasi ndio unaokwenda na kuvuta uzi nyuma yake. Hapa kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ule mnene wa rangi, na flai inafuata tu kama mtoto aliyeshikwa mkono.

"Mshipi ndio jiwe lako," Mzee alisema.

Ugumu uko nyuma yako, usikoona. Unainua ufito, mshipi unaruka kwenda nyuma, na lazima uungoje unyooke wote hewani kabla ya kuurudisha mbele. Ukiwahi, unapasuka kama kiboko na flai inakatika. Ukichelewa, unaanguka mgongoni. Nilikuwa nawahi kila mara. Mikono ya kiwandani haijui kungoja. Mzee akaniambia nikifika nyuma niseme "Othaya" moyoni, taratibu, silabi zote, ndipo nirudishe. Nimerusha mara mia mbili hivi. Bega limekufa. Mara kama kumi mshipi ulinyooka ukalala kwenye nyasi kimya kimya, nikacheka peke yangu.

Februari 8

Siku ya kwanza majini. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi 13. Miguu ilikufa ganzi ndani ya suruali ya mpira, ambayo ni ya daktari mstaafu na inanifika kwapani.

Hasara: flai 7. Nne kwenye majani chai, mbili kwenye mianzi, moja kwenye sweta yangu, mgongoni, ikabidi Mzee aitoe kwa kisu.

Samaki: niliwaona watatu, wote wakikimbia. Nilikuwa natembea ukingoni wima kama ninakwenda sokoni. Mzee aliniketisha chini akanieleza kwa kutumia kijiti. Trauti husimama akitazama juu ya mto, kule chakula kinakotoka, kwa hiyo mwendee kutoka chini, nyuma yake. Usikanyage kwa kisigino, udongo unampelekea habari. Na jua lisiwe mgongoni mwako. Kisha akanionyesha mahali: jiwe kubwa lililogawa maji mawili, na pale nyuma yake yanapokutana tena pana mstari mwembamba wa povu. "Povu linapopita na chakula kinapita," alisema. Nimekaa nikilitazama lile povu hadi macho yakaanza kuona samaki wasiokuwepo.

Februari 22

Hakuna mvua tangu Krismasi. Mto umekonda, mawe yamebaki wazi kama meno ya mzee. Juu kidogo ya mpaka wa klabu kuna pampu tatu zinazovuta maji ya nyanya na kabeji. Kufika saa nane mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 20, Mzee akasema tukunje. Maji ya moto hubeba hewa kidogo. Trauti aliyechoshwa kwenye maji hayo unaweza kumwachia akaogelea vizuri mbele yako, kisha akafa nyuma ya jiwe ambako hutamwona.

Jioni bandani wanachama walizilaani zile pampu. Nilinyamaza na kikombe changu. Pampu ya katikati ni ya kaka yangu. Nyanya zile ndizo zinazolipa karo ya watoto wake, na yeye wala hajui kwamba ndani ya mto kuna samaki mwenye klabu. Nimemwomba avute usiku badala ya mchana. Amesema ataona. Kwa lugha ya kaka yangu "nitaona" ni hapana yenye adabu.

Machi 15

Leo sikurusha kabisa. Mvua za masika zinakaribia, mto bado mdogo, nikaamua kufanya nilichopaswa kufanya Januari: kugeuza mawe.

Nililiinua jiwe la ukubwa wa chapati kwenye maji ya magoti, nikaligeuza, nikalileta karibu na uso. Mwanzo huoni kitu, utelezi tu. Kisha utelezi unaanza kutembea. Tunutu (wadudu wachanga wa majini) wadogo, bapa, rangi ya kahawa iliyochemka sana, wanakimbilia upande wenye giza kwa mwendo wa kaa. Mkia wa nyuzi tatu, nyembamba kuliko unywele. Mmoja alianguka kwenye maji ya kiganja changu akaogelea, na hapo ndipo niliposhtuka: alikunja miguu yote ubavuni akaenda kama mshale. Miguu haikuonekana kabisa. Urefu wake punje ya mchele, na si mchele mrefu wa pishori.

Sasa sikia. Flai niliyoifunga kuliko zote kiwandani ilikuwa ya mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku. Iliyobuniwa kwanza ni ya Frank Sawyer, mlinzi wa mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Mlinzi wa mto kama Mzee wangu. Sawyer hakutumia hata uzi. Alichukua waya mwembamba wa shaba na nyuzi za unyoya wa mkia wa fezanti, basi. Na hakuiwekea miguu, kwa sababu alikuwa ameona kwamba tunutu akiogelea hukunja miguu.

Sisi tulikuwa tunaiwekea miguu. Sita, tatu kila upande, mkaguzi akizihesabu. Tena shanga ya dhahabu kichwani na uzi wa kumetameta mgongoni, ndoana namba 12. Mteja akiiona dukani moyo unaruka. Lakini namba 12 ni kubwa (namba ikipanda ndoana inapungua), na mdudu aliyekuwa kiganjani mwangu angetosha kwenye namba 18, na hakuwa na dhahabu popote.

Nimerudi nyumbani na hasira nisiyojua nimwelekezee nani.

Machi 29

Benchi. Nimefunga 20 za namba 18 bila miguu. Shaba nimeichomoa kwenye redio iliyoungua ya marehemu baba. Fezanti ilikuwa nyekundu mno kwa wadudu wa kwetu, nikafumua sweta ya shule ya mpwa wangu, ile rangi ya chokoleti, nikachambua nyuzi zake nikazisokota kwenye waya. Mkia ni nyuzi tatu za unyoya wa kanga wa jirani.

Macho hayako kama zamani. Namba 18 naifunga kwa miwani ya mama.

Aprili 12

Maji ya rangi ya chai ya maziwa, tena yanabeba magogo. Hakuna kazi.

Aprili 26

Vile vile. Nimewapelekea klabu dazeni zao, nikarudi na boda boda, tope hadi masikioni.

Mei 10

Mto umeanza kusafika kingoni. Nilikuwa na zile flai za sweta, na nilikuwa najivunia: kila moja pacha wa mwenzake, vichwa vimefungwa nadhifu, mikia imelingana hata ukiipima kwa rula. Kwa muda wa saa tatu, hakuna kitu. Trauti mmoja aliinuka kutoka chini ya mzizi, akaifuata moja kwa urefu wa mkono, akaisogelea kabisa, akageuka akarudi zake. Heri angeikimbia.

Mzee akanyosha mkono. Nilimpa flai. Akaitazama kwa muda, akatoa kisu, akaanza kuikwangua. Akakata mkia mmoja. Akaichokoa ile sufu mpaka ikasimama vinyweleo pande zote kama panya aliyenyeshewa. Mwishowe akaitia mdomoni akaitafuna.

Miaka 11 ndani yangu ilipiga kelele. Flai ile ingekuja mbele ya mkaguzi ingenikata dazeni nzima.

"Mdudu aliye hai hajachanwa nywele," Mzee alisema, akanirudishia ikiwa na mate.

Kwenye mrusho wa nne au wa tano mshipi ulisimama. Sikuvutwa wala kutikiswa. Ulisimama tu kidogo, kama mtu aliyeitwa jina. Nikashangaa badala ya kuinua ufito. Nilipoinua, hakuwepo. Trauti huchukua kitu, akaonja, akatema, yote kabla hujamaliza kupepesa jicho.

Lakini aliichukua. Nimeandika kwenye daftari la klabu: samaki 0. Kwenye shajara yangu naandika: nusu.

Mei 24

Kinyesi cha ndovu njiani, bado kinafuka moshi. Tulirudi nyuma bila mjadala.

Juni 14

Ukungu wa Juni umeshuka, baridi ya kupasua midomo. Maji nyuzi 11, safi kama glasi.

Leo walichukua mara tatu. Wa kwanza nilichelewa. Wa pili niliinua ufito kwa nguvu zote, uzi wa mwisho ukakatika, akaenda na flai yangu mdomoni (kijino kilikuwa kimebanwa, itamtoka). Wa tatu nilimshika kwa muda wa kuhesabu hadi sita. Alipinda mwili, nikaona ubavu wa manjano, akaruka, mshipi ukalegea.

Kosa nimelijua. Nilikuwa natazama flai, ambayo kwenye maji yale haionekani. Kinachotazamwa ni ncha ya mshipi juu ya maji. Na mshipi usiuburute mdudu: maji ya katikati ya mto yana mbio kuliko ya kando, yanalipinda tumbo la mshipi, na flai inaanza kukimbia mahali ambapo kila kijidudu kinaelea polepole. Trauti anaujua mwendo huo kwamba si wa mdudu. Dawa ni kuuinua mshipi na kuulaza upya upande wa juu mara tu unapotua, kabla maji hayajaupinda. Nimefanya mazoezi hayo mpaka Mzee akasinzia.

Kaka amehamishia pampu usiku. Anasema ni kwa sababu ya bei ya mafuta. Sijauliza zaidi.

Julai 5

Saa mbili kasorobo asubuhi. Nimeandika saa kwanza ili nisiisahau.

Ni pale pale kwenye jiwe linalogawa maji. Nilipiga magoti kwenye kokoto, chini ya povu, mita kama nane kutoka kwake, mita ninazopimia kwa mkono wangu. Sikumwona. Nilijua tu kwamba ningekuwa trauti ningekaa hapo. Othaya. Mshipi ukatua, nikaulaza upande wa juu, povu likaanza kuubeba. Ncha ikasimama.

Niliinua ufito kama unavyoinua kikombe kilichojaa.

Mkono ulijua kabla yangu. Alikuwa mzito kuliko ukubwa wake, akashuka na mto, nami nikashuka naye nikiwa nimeketi, nikiteleza mawe kwa mawe, huku Mzee ananikemea nisikaze. Dakika mbili, labda tatu. Wavu wa mkono ukapita chini yake.

Sentimita 24. Mgongo wa rangi ya zeituni, tumbo la rangi ya siagi, na ubavuni madoa meusi yaliyochanganyika na mekundu, kila jekundu limezungushiwa duara jeupe. Mapezi yote mazima, makali pembeni, si yale yaliyolika kwa kusuguana na saruji ya bwawa. Flai ilikuwa kwenye kona ya taya: kipande cha sweta ya shule ya msingi na waya wa redio ya baba.

Nililowesha mikono kwanza, ule utelezi wa mwili wake ndio kinga yake. Ndoana ilitoka bila kuvutwa. Nikamshika ndani ya maji uso ukitazama juu ya mto, matamvua yakifunguka na kufumba, na mara hakuwa mkononi tena.

Mzee aliniuliza kama nalia. Nikamwambia ni baridi.

Mama alisikiliza hadithi yote. Akauliza, "Sasa alikuwa mkubwa wa kutosha kula?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kwa muda mrefu, kisha akaniwekea uji.

Julai 19

Habari imeenea bandani. Katibu amesoma daftari, safu ya flai, nilipoandika "sweta, namba 18". Klabu imeagiza dazeni 6 za hiyo hiyo.

Nilizifunga kwa wiki nzima, moja moja, nikazikwangua kwa kisu kama Mzee alivyonifundisha (kutafuna sikutafuna), nikazipeleka Jumamosi. Katibu alichukua moja, akaiinua dirishani, akafumba jicho. Akachukua ya pili. Ya tatu.

"Fundi," akasema kwa upole, "hizi zimekaa vibaya kidogo. Mikia haijalingana. Ile uliyomvulia si ndiyo unayotufungia?"

Mzee alikuwa mlangoni. Akatoka nje akikohoa.

Nimerudi nazo zote 72. Usiku huu nimewasha taa ya meza, nimevaa miwani ya mama, nawafungia nyingine: mikia imelingana, vichwa nadhifu, na kwa hiari yangu nimewawekea miguu sita.